Majina Kumi na Mawili Yaliyohama Dirisha

Uliona. Usiseme hukuona. Ulipita mbele ya ofisi ya Shirika la Nta, hapa Itigi, Jumatatu ile saa tatu asubuhi. Ukaona watu wamesongamana kwenye ubao wa matangazo, mwanamume mzima amekaa chini vumbini kashika kofia yake, nawe ukageuza uso upande wa pili kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Ulikuwa unawahi sukari. Ulikuwa unawahi treni. Mwaka wa sabini na nne watu walipobomolewa nyumba ili wahamie vijiji vya ujamaa, uligeuza uso. Duka la ushirika lilipofungwa uligeuza uso. Walipoanza kudai pesa mlangoni mwa zahanati ulisema ndio utaratibu mpya. Safari hii utakaa, usome mpaka mwisho.

Mwanamume yule aliyekaa vumbini anaitwa Kefa. Ni mpishi wa nta. Miaka kumi na sita ameyeyusha masega kwenye mapipa, akachuja, akamimina kwenye kalibu, mpaka moto ukamla nyusi na hazijaota tena. Shirika linauzwa na mnunuzi anataka watu wachache; hilo lilijulikana tangu mvua za Elinino zilipokata reli. Kamati ilikaa siku tatu, meneja na wakuu wa idara na mtu wa chama cha wafanyakazi, ikawagawa watu sitini na wanane: arobaini wabaki, ishirini na wanane waende. Mtu wa chama alitoka kikaoni akawanong'oneza watu majina yao. Kefa alikuwa wa kubaki. Wiki nzima alitembea kama mgonjwa aliyeambiwa amepona, hata akanunua nusu kilo ya nyama katikati ya mwezi.

Sasa ubaoni kulikuwa na karatasi mbili, WANAOBAKI na WANAOPUNGUZWA, na jina lake lilikuwa la thelathini na tatu kwenye ile ya pili.

"Hesabu tena," alimwambia Isaka, mtunza ghala.

"Nimehesabu mara tatu. Walisema ishirini na wanane. Hapa wamo arobaini."

"Na mimi nimo?"

"Umo. Wewe thelathini na tatu, mimi thelathini na nne. Chumba cha nta chote na ghala lote, watu kumi na wawili, tumefuatana kama mabehewa."

Mwanamke mmoja wa kufungasha akaweka kidole chini ya karatasi. Kule chini, kama desturi ya kila ofisi ya nchi hii, kulikuwa na herufi kubwa za jina la bosi, kisha alama ya mkwaju, kisha herufi ndogo za jina la mpiga chapa. Aliyewahi kupokea barua ya serikali anazijua. Herufi ndogo zilikuwa *ek*.

"Editha Kefa," alisema yule mwanamke. "Mama Belinda. Kamwandika mumewe mwenyewe!"

"Labda kamchoka."

"Si angemwambia tu, mpaka amtie ubaoni?"

Watu wakacheka, hata wale ambao majina yao yalikuwamo. Hapo ndipo Kefa alipokaa chini, na hapo ndipo wewe ulipopita.

&nbsp;

Nyumba ya Kefa ni ya shirika, vyumba viwili katika kota zilizo nyuma ya karakana. Anayepunguzwa hutakiwa kuhama nyumba ndani ya siku kumi na nne. Chumba cha pili alilala Belinda, wa darasa la sita, pamoja na bibi yake, Magdalena, mama yake Kefa, aliyetoka Ikungi akisubiri kupelekwa hospitali Kilimatinde kupasuliwa jicho. Alisubiri mshahara wa Kefa wa mwezi ule.

Editha alirudi mchana. Alipiga goti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Bibi Magdalena alikuwa anapembua mtama. Aliendelea kupembua. Katika nyumba ile salamu haikuwahi kuachwa chini namna hiyo, hata siku za msiba.

"Shikamoo, mama," alirudia.

"Muulize mumeo kama mimi bado ni mama yako," alisema bibi, kisha akaongeza maneno ya Kinyaturu ambayo Editha aliyaelewa na akatamani asingeyaelewa.

Kefa alikuwa kitandani na viatu miguuni. "Nilikukosea nini?" aliuliza.

"Baba Belinda, sikukuandika kule."

"Zile herufi ni za nani? Za shetani?"

"Ni zangu. Nimechapa mimi, sikatai. Lakini nilikuchapa kwa wanaobaki. Nakumbuka nilipofika kwenye jina lako, mpaka nilitabasamu."

"Ulitabasamu! Mama, umesikia? Alitabasamu."

"Mimi sikusoma," alisema bibi kutoka nje. "Lakini karatasi ya kanisani haijiandiki. Mashine yenu hiyo ndiyo inajiandika?"

 Kwa kweli na Editha alikuwa anajiuliza hivyo hivyo tangu saa tatu.

&nbsp;

Editha alijifunza kupiga chapa Singida mjini, kwa mwalimu aliyefunika mikono ya wanafunzi kwa kitambaa. Ukitazama vitufe, rula. Ukitazama karatasi iliyomo kwenye mashine, rula. Macho yakae kwenye nakala unayonakili, hapo tu, vidole vinajua njia yao. Alitoka na cheti cha maneno sitini kwa dakika, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kutazama alichokuwa anachapa. Ndiyo ilikuwa fahari yake. Kisha Januari ikaja kompyuta, akapelekwa Dodoma siku nne. Walimfundisha kuiwasha, kuhifadhi kazi, kutoa karatasi kwenye printa, na kuandika katika ile programu ya majedwali waiitayo Ekseli. Siku nne ziliisha. Hakuna aliyemwambia kwamba mashine ile inaweza kufungua madirisha mawili mbele ya macho yako na ikawa inasikiliza moja tu.

Jumanne alikwenda kwa meneja, Bwana Nathan, akaomba kuifungua.

"Nusu saa," alisema meneja. "Jenereta linakunywa dizeli, si maji."

Alifungua orodha zote mbili akazipanga kama zilivyokuwa siku ile alipozichapa: WANAOBAKI kushoto, WANAOPUNGUZWA kulia. Akachukua ile orodha ya mkono ya kamati akaanza kunakili. Majina yakakaa kushoto. Kumi, ishirini, yote kushoto. Alibadilisha mkao, akapiga kwa kasi, akapiga polepole, akauchomoa waya wa vitufe na kuuchomeka tena. Kushoto.  Akaanza kuamini kwamba ama ana wazimu, ama kuna mtu mbaya ndani yake aliyemwandika Kefa kwa makusudi bila kumwarifu.

Ndipo akakumbuka printa. Siku ile alikuwa amemaliza wale ishirini na wanane wa kulia, akaamuru watoke kwenye karatasi, na karatasi zikawa zimekwisha. Rimu hukaa kabatini kwa meneja chini ya kufuli kwa sababu watu huiba. Meneja alikuwa ametoka. Hakutaka kukaa bure, akaendelea na orodha ya kushoto, na rimu ilipokuja akazitoa zote mbili bila kuzisoma.

Akatoa karatasi zote kwenye printa. Akaamuru orodha ya kulia itoke. Akarudi kushoto, akaendelea kunakili, na safari hii akafanya kitu ambacho rula ilikuwa imekifukuza mwilini mwake: aliinua macho akatazama kioo.

Ofisi, kushoto. Karakana, kushoto. Kati ya idara na idara alikuwa na mazoea ya kuruka mstari, yaani kupiga kitufe cha Enta mara moja zaidi. Alipomaliza karakana, kisanduku kidogo kikachomoza katikati ya kioo kikisema printa haina karatasi. Kidole chake kilikuwa tayari njiani kwenda kuruka mstari. Kikapiga Enta. Kisanduku kikalichukua pigo lile kama jibu, kikatoweka. Ni muda wa kupiga chafya. Lakini utepe ulio juu ya dirisha la kushoto, uliokuwa wa buluu, ukawa umepauka kama jivu, na wa kulia ukawa umewaka buluu. Akachapa jina la kwanza la chumba cha nta. Likaenda kulia, chini ya yule wa ishirini na nane, limenyooka kabisa.

Editha alifunika mdomo kwa kiganja. Akarudia. Mara mbili kisanduku kilichelewa na hakikuleta madhara. Mara ya tatu kikaja saa ile ile, mstari ule ule. Akagundua na dawa yake: ubonyeze mausi mara moja juu ya dirisha unalolitaka, uone buluu, ndipo uandike. Mbonyezo mmoja. Watu kumi na wawili, na wake zao, na watoto wao, na jicho la Bibi Magdalena, kwa mbonyezo mmoja ambao hakuna aliyeona haja ya kumfundisha.

&nbsp;

"Bosi, njoo uone."

Meneja alikuja na kikombe chake cha chai. Editha alimwonyesha kisanduku, akamwonyesha utepe.

"Sasa naandika jina kushoto. Tazama mikono yangu." Akapiga Enta ile ya kuruka mstari, kisha akachapa: Nathan.

"Ngoja, ngoja. Jina langu umeliweka wapi?"

"Nimeandika kushoto, bosi. Limekwenda kulia."

"Litoe."

"Nataka uone kwanza vile—"

"Nimeona! Litoe hapo sasa hivi, mama!" Chai ilimwagika kwenye soksi yake.

Alilitoa. "Na yale kumi na mawili, bosi, tuyatoe vile vile."

Meneja alifunga mlango. Alivuta kiti akakaa karibu, na sauti yake ikawa ya mtu anayetoa pole. "Mama Belinda, nisikilize. Orodha ilishaondoka na treni ya Ijumaa. Juzi mshauri wa mnunuzi kanipigia simu kutoka Dar, kafurahi. Wao tangu mwanzo walitaka arobaini waondoke. Kamati ikagoma kwenye ishirini na wanane, ikanipa mimi kazi ya kwenda kueleza. Sasa wamepata arobaini na sijagombana na mtu."

"Lakini ni makosa ya mashine."

"Ndiyo uzuri wake."

Editha alimtazama. Nje jenereta lilikohoa likaendelea.

"Mimi si mnyama," alisema meneja. "Jina moja naweza kulibadilisha, nikasema lilirudiwa. Mmoja atoke, mmoja aingie, arobaini ibaki arobaini. Nipe jina kesho kabla ya saa nne. Awe mtu asiye na kelele."

"Na wale kumi na mmoja?"

"Hao watapata mafao yao yatakapokuja." Alisimama. "Zima mashine. Nusu saa imekwisha."

&nbsp;

Kefa alimsikiliza mpaka mwisho, na kitu kilichomsikitisha Editha ni jinsi alivyokaa sawasawa kitandani, kama mtu aliyeletewa chakula.

"Mughwai," alisema.

"Mughwai gani?"

"Mughwai wa hapa, mlango wa tatu. Yeye anabaki."

"Baba Belinda, ndiye aliyetengeneza kitanda ulichokalia."

"Na nikitolewa nyumba, kitanda nikiweke wapi? Kichwani?" Hakuwa na hasira; alikuwa anapanga. "Hana mke, alishakufa. Watoto wako kwa bibi yao Shelui. Ni seremala, mizinga ataichonga popote. Mimi nitampikia nani nta? Nani ana pipa la nta nyumbani kwake?"

"Tumwambie kwanza."

"Umwambie nini? Mughwai, tunaomba kazi yako?"

Editha alimgeukia bibi. Bibi Magdalena alikuwa ameinamisha uso, lile jicho lenye utando likitoa maji.

"Mimi sisemi kitu," alisema bibi. "Mimi kesho kutwa nitapanda lori nirudi Ikungi na jicho langu moja. Ninyi ni watu wazima."

Belinda, aliyekuwa anajifanya anasoma, alifungua kurasa mbili kwa pamoja.

Msimhukumu Kefa kwa haraka. Ninyi mlio na mishahara, mnajua kusema habari za utu. Mtu mwema aliyewekwa kwenye chungu kimoja na jirani yake, moto ukakokwa chini, atapanda juu ya kichwa cha jirani. Mimi namuuliza aliyekoka moto. Yeye hapikwi, na hakuna mwingine anayemuuliza.

&nbsp;

Jumatano saa tatu na nusu Editha aliketi mbele ya mashine. Meneja alisimama nyuma yake. Printa ilikuwa imejaa karatasi na hakuna kisanduku kilichotokea.

Alibonyeza dirisha la kulia, akaona buluu. Akamfuta Kefa. Akabonyeza la kushoto, akaona buluu, akamweka Kefa. Akamfuta Mughwai. Akabonyeza la kulia. Akaona buluu. Yeye wa maneno sitini kwa dakika aliliandika jina lile herufi moja moja, akitazama kila moja inavyotokea kwenye kioo, na kazi ile ikamchukua muda ambao siku nyingine angemaliza barua ya kurasa mbili.

"Umesahau herufi zako chini," alisema meneja.

Akaziweka: *ek*.

Karatasi mpya ilipigiliwa ubaoni saa tano. Mughwai aliletewa habari karakana, akiwa na pumba za mbao kwenye nywele. Alikuja taratibu, akasoma, akasoma tena kwa kidole. Editha alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi. Miguu ilikataa kuingia ndani na ikakataa kukimbia.

"Mama Belinda," alisema Mughwai.

"Abee, kaka."

"Umeandika vizuri. Hujakosea hata herufi. Wengine wakiniandika huwa wanaharibu."

Ndivyo alivyosema. Hakutukana. Alirudi karakana akakusanya randa na patasi zilizo zake, akaacha za shirika zimepangwa mezani. Kesho yake alfajiri mlango wa tatu ulikuwa na kufuli ya shirika, naye amekwenda Shelui kuwaeleza watoto wake jambo ambalo yeye mwenyewe hakuelezwa.

&nbsp;

Siku mbili Kefa alikwenda kazini. Hakuna aliyemwazima kiberiti. Mapipa ya nta sita yalikuwa yake peke yake, maana wenzake wote wa chumba kile walikuwa ubaoni. Siku ya tatu alirudi mchana akakuta mkewe hayupo.

Editha alikuwa ghalani kwa Isaka, ambaye ufunguo ulikuwa bado mkononi mwake. Mashine ya zamani ya kupiga chapa ilikuwa imetupwa pale katikati ya magunia. Aliifuta vumbi. Alichapa pingamizi la ukurasa mmoja na nusu: printa isiyo na karatasi, kisanduku, Enta ya kuruka mstari, utepe uliohama, majina kumi na mawili kwa mpangilio wake wa idara, ambao kila mtu akiutazama ataona haukuchaguliwa na binadamu. Isaka alisimama akisoma begani kwake.

"Hapo inatosha," alisema Isaka. "Toa, tukusanye sahihi."

"Bado." Akachapa mstari mmoja zaidi: *Jina la Mughwai halikuhamishwa na mashine. Niliandika mimi, nikiona.*

"Shemeji, ukiandika hivyo Kefa anarudi ubaoni. Na wewe utaondoka."

"Najua."

"Basi usiliweke."

"Isaka, mimi nimechoka kuandika nisichokiona, na nimechoka kuandika ninachokiona kisha ninyamaze. Chukua."

Meneja alimfukuza Editha kazi Jumamosi, kwa mdomo tu. Hakuna tena mtu ofisini wa kumwandikia barua. Kefa haongei na mkewe. Analala chumba cha pili, kwenye mkeka, karibu na mkoba wa mama yake aliyefunga vitu tayari. Chakula akiwekewa anakula, akimaliza anasukuma sahani kwa mguu. Bibi Magdalena hakupanda lori la Ikungi, nauli haikupatikana. Juzi salamu ya Editha aliiitikia, lakini kwa sauti ya kumwitikia mpita njia.

Sasa sikiliza, maana sehemu hii ni yako.

Kanuni ya pingamizi inasema maelezo ya wafanyakazi wenyewe hayatoshi. Lazima watie sahihi wakazi ishirini wa mji ambao si watumishi wa shirika, nayo ifike Dar ndani ya siku kumi na nne tangu orodha ibandikwe. Leo ni ya kumi na mbili. Sahihi ziko saba: muuza asali, mama wawili wa kwaya, fundi saa, kijana wa mizani ya stesheni, mwalimu mstaafu, na mzee mmoja asiyejua kuandika aliyeweka dole gumba na kuuliza kama liko mahali pake. Kumi na watatu hawajapatikana katika mji mzima wenye makanisa, msikiti, soko na baa nne. Wengine wamesema hayawahusu. Wengine wamesema warudiwe kesho. Mmoja alisoma ukurasa wote, akasifu jinsi ulivyochapwa, akarudisha kalamu.

Wewe ulikuwapo Jumatatu. Uliona ubao, ulimwona mtu vumbini. Isaka amekaa stesheni kwenye benchi la karibu na mizani, ana karatasi juu ya sanduku la nta na kalamu kafunga kwa uzi isiibiwe. Treni ya kesho asubuhi ndiyo ya mwisho inayoweza kuipeleka ikawahi. Usingoje wengine waanze. Wameshaanza, ni saba. Usiulize nani atajua. Andika jina lako lote, lisomeke. Funga duka, weka chini hiyo sukari, acha sahani yako mezani. Simama. Nenda sasa.